Hajala Tangu Asubuhi: Mbwa wa Shangazi, Sindano ya Sukari na Kosa Langu

Leo ni sehemu ya 11 ya mfululizo wetu wa kisukari nyumbani. Niliahidi kuandika kuhusu mtoto mwenye kisukari anayekataa chakula, na nitaandika, lakini naanza na mbwa. Usicheke kwanza, na usipite. Nimemweka mbwa na mtoto kwenye post moja kwa sababu mimi mwenyewe, muuguzi, mwenye stashahada imening'inia ukutani, nilizichanganya sheria zao. Nusura mbwa wa watu afe.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi juu kule Usangi. Ana mbwa jike anaitwa Popi, wa miaka tisa hivi, mlinzi wa kuku na rafiki wa kila mtoto anayepita pale kwenda shule. Mwaka jana Popi akaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyefika bwawani Nyumba ya Mungu wakati wa kiangazi. Anamaliza bakuli, anahamia kwenye maji ya kuoshea vyombo. Anakojoa hovyo, yeye ambaye tangu utoto alijua mahali pake ni nyuma ya migomba. Anakula makande sahani ya mtu mzima, na bado mbavu zinahesabika. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, huyu mbwa ana dalili zile zile za marehemu babu yako." Nikacheka. Yeye hakucheka. Mwalimu ni mwalimu tu.

Afisa mifugo wa kwao alikuja. Kijana mzuri, ila kazi zake nyingi ni ng'ombe, mbuzi na chanjo ya kichaa cha mbwa, na alisema ukweli kwamba hii ya kisukari aliisoma chuoni lakini hajawahi kuitibu. Namheshimu sana mtu anayesema hivyo. Akamwelekeza Shangazi kwa daktari wa wanyama Moshi, damu ikapimwa, mkojo ukapimwa. Kisukari kweli.

Kwa wasiojua: mbwa anapata kisukari kama sisi, na kwa mbwa kinafanana zaidi na kile cha watoto wetu kuliko kile cha wazee. Kongosho limeshindwa kutengeneza insulini, basi. Ndiyo maana vidonge vya sukari vya bibi havimsaidii mbwa, na vingine vitamuumiza, tafadhali usijaribu hata kwa nia njema. Dawa yake ni sindano ya insulini, kwa mbwa wengi mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, ikiendana na chakula. Majike ambao hawajatolewa kizazi wako hatarini zaidi, kwa sababu homoni zinazopanda baada ya kuwa kwenye joto huzuia insulini kufanya kazi. Na macho ya mbwa mwenye kisukari huingia mtoto wa jicho haraka sana, wakati mwingine ndani ya miezi michache tu. La Popi la kushoto limeshaingia ukungu.

Shangazi akauza beberu mmoja, akanunua dawa na mabomba ya sindano, akaanza. Wapare tunataniwa kwamba mtu atauza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku. Sasa majirani wamepata jipya: mwalimu kauza mbuzi kumtibu mbwa.

Mambo yalikwenda vizuri. Kiu ikapungua, uzito ukarudi kidogo. Mpaka jioni moja mwezi wa saba, baridi ya Usangi mnaijua, Shangazi akapiga simu. Mimi niko zamu. "Popi hajala tangu asubuhi. Anaenda kwenye bakuli, ananusa, anageuza kichwa. Sasa ni saa ya sindano. Nichome nisichome?"

Nataka muelewe nilikuwa wapi kichwani. Saa ile nilikuwa nimetoka kuongea na mama wa mtoto mwenye kisukari, namwambia kwa mara ya tatu kwamba insulini ya mtoto haisimamishwi hata akiumwa. Nina mkokoteni wa dawa mbele yangu, wagonjwa wananiita. Nikajibu bila kufikiri: "Choma kama kawaida Shangazi, insulini haiachwi."

Saa tano usiku simu tena. Popi anatetemeka, anatembea kama mlevi, anagonga ukuta. Nikiwa bado nasikiliza, akaanguka, miguu inapiga hewani. Sukari ilikuwa imeshuka. Dozi nzima, tumbo tupu. Nikamwambia apake asali kwenye fizi za mbwa kwa nje, chini ya mdomo wa juu, asiingize kidole katikati ya meno, asimwagie maji mdomoni, na wajukuu wote watoke chumbani. Bahati Shangazi hakosi asali. Alipaka, akasubiri, akapaka tena. Zile dakika zilikuwa ndefu jamani. Baadaye Popi akainua kichwa, akaramba pua yake, akamtazama. Akapewa yai la kuchemsha lililopondwa, akala kidogo.

Asubuhi nilimpigia kuomba radhi. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Ulinijibu haraka mno." Hilo neno bado ninalo.

Daktari wa Moshi alipoelezwa, alitupa sheria ya mbwa. Naiandika kwa maneno yangu. Mbwa anakula kwanza, ndipo anachomwa. Usichome halafu ukaanza kumbembeleza ale. Akila kama kawaida, dozi ya kawaida. Akila nusu, au akitapika alichokula, dozi nzima haiendi. Piga simu kwa daktari akuambie upunguze hadi ngapi. Asipokula kabisa, usimpe dozi nzima, piga simu. Usiku wa manane humpati daktari? Kwa mbwa, kukosa dozi moja kuna hatari ndogo kuliko dozi nzima kwenye tumbo tupu. Sukari ikipanda kwa usiku mmoja inavumilika. Ikishuka mno, inaua kabla ya alfajiri. Lakini ni dozi MOJA. Kesho yake ukiendelea kusema "hajala, simchomi", na kesho kutwa hivyo hivyo, unampeleka kwenye hatari ya pili, na hiyo nakuja nayo sasa hivi.

Sasa mtoto.

Kuna mama mmoja, simtaji wala sitaji alikotoka, alikuja na binti yake anayetumia insulini. Mtoto alipata homa, akakataa uji, akakataa ugali, akakataa hata soda. Mama akafikiri kama ambavyo wewe ungefikiri: hajala chochote, nikimchoma sukari itashuka. Akaacha sindano siku mbili. Alifika mtoto akihema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, anatapika, tumbo linauma, mdomo unanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kwenye mkojo ketoni zimejaa. Mwili usiokuwa na insulini hauwezi kutumia sukari hata ikiwa imejaa tele kwenye damu, basi unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha asidi, na asidi inaua. Na homa yenyewe inapandisha sukari hata kama mtoto hajatia kitu mdomoni. Hapo ndipo akina mama wengi wanapotegwa. Unaona sahani imejaa, unadhani sukari iko chini, kumbe iko 20 na kitu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu na namshukuru daktari wa zamu. Mama yule alikuwa analia si kwa sababu hakumpenda mtoto, bali kwa sababu alitumia akili na akili ikamdanganya.

Kwa hiyo sheria ya mtoto ni hii: mtoto anayeishi kwa insulini, akiumwa na asipokula, insulini HAIACHWI kabisa. Inaweza kupunguzwa, wakati mwingine inaongezwa, ila anayekuambia kiasi ni kliniki yako. Wewe kazi yako ni kupima sukari kila saa mbili mpaka nne, usiku na mchana, kumpa maji kidogo kidogo, kuangalia ketoni kama una vipimo vya mkojo, na kupiga simu mapema. Sukari ikiwa chini, vinywaji vyenye sukari kwa vijiko. Akitapika kila kitu, au anahema vibaya, au analala usingizi usioeleweka, husubiri asubuhi. Unatoka.

Mnaona tofauti? Mtoto unaweza kumpima kila baada ya muda mfupi, unaweza kumnywesha soda kijiko kwa kijiko, anaweza kukuambia "mama kichwa kinazunguka". Mbwa amelala nje kwenye gunia gizani. Hatakuambia kitu. Ukijua alikuwa anatetemeka ni asubuhi, ameshakauka. Ndiyo maana daktari wa wanyama anaogopa sukari kushuka kuliko kitu kingine, na daktari wa watoto, kwa mtoto anayeumwa, anaogopa kuachwa kwa insulini. Mimi nilichukua sheria ya wodini nikaipeleka Usangi. Yule mama alitumia sheria inayomfaa mbwa kwa mtoto wake. Wote wawili tulikuwa na nia njema.

Hapa sasa ndipo maoni yangu, na najua wapo watakaobisha. Tatizo letu kubwa majumbani si sindano. Tatizo ni kwamba tunalichukulia neno "hajala" kama tabia. Mtoto hajala: anadeka. Bibi hajala: uzee. Mbwa hajala: kala panya huko, kashiba. Kwa mtu au mnyama asiye na kisukari unaweza kusubiri, pengine kweli anadeka. Kwa anayeishi kwa insulini, "hajala" ni dalili yenye uzito sawa na homa ya 40. Inataka mtu mzima aache anachofanya, aangalie, apime, aulize, siku ile ile. Nasema siku ile ile.

Na kuangalia kwenyewe kuna namna yake. Shangazi alikuwa ameniambia jambo kubwa kwenye simu mimi nikalipita: Popi alikuwa ANAENDA kwenye bakuli. Ananusa, anageuza kichwa. Mbwa asiyetaka kula hata hainuki. Mbwa anayeinuka, anasogea, halafu anarudi, mara nyingi anataka ila hawezi. Daktari alipomfungua mdomo alikuta magego mawili yameoza na usaha umekaa chini ya fizi. Maskini alikuwa na njaa siku nzima! Na usaha ule ule ndio unaovuruga sukari, kwa sababu maambukizi popote mwilini, jino, kibofu, kidonda, hufanya insulini isifanye kazi vizuri. Kwa hiyo jino lilikuwa linamnyima chakula na wakati huo huo linapandisha sukari. Hata watoto wetu, hebu angalieni midomo. Mtoto anayelia akiona kijiko, fungua mdomo uone kama kuna vidonda kabla ya kumwita mkaidi.

Sababu nyingine kwa mbwa ni nyingi. Kongosho lenyewe kuvimba, hasa akila mafuta mengi. Zile ngozi za kuku na mafuta ya nyama choma mnazomtupia sikukuu. Figo. Homa za kupe, na huku kwetu tambarare, Mwanga mjini, Kisangara, Lembeni, kupe si wageni. Au zile ketoni nilizosema kwa mtoto, maana mbwa naye anazipata: anatapika, analegea, anahema, mdomo unanuka vile vile. Vile vijiti vya kupima mkojo tunavyotumia hospitalini vinasoma hata mkojo wa mbwa. Shangazi anavyo. Anamfuata Popi asubuhi na kopo lenye mpini mrefu, majirani wanacheka hadi wanashika mbavu.

Kumshawishi ale, mambo madogo yanasaidia. Pasha chakula kiwe vuguvugu kinuke, kwa sababu mbwa anakula kwa pua kwanza. Kuku wa kuchemsha bila ngozi na bila mifupa, yai, samaki wa bwawani aliyetolewa miba yote. Supu isiyo na chumvi, na isiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu, vyote ni sumu kwake. Bakuli liwe pana. Kaa naye. Shangazi anasema Popi anakula vizuri zaidi akiimbiwa, sina utafiti wa kuunga mkono hilo. Ila usimjazie chakula kwa nguvu na bomba mbwa anayetapika au aliyelegea, kitaingia mapafuni. Na kama saa 24 zimepita hajagusa kitu, mambo ya mapishi yameisha, huyo ni wa daktari.

Halafu jambo moja ambalo lazima mlijue, hasa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari mwenye bazoka au pipi zisizo na sukari. Baadhi zina utamu unaoitwa zailitoli. Kwetu binadamu hauna shida. Mbwa akila, sukari yake inaporomoka na ini linaweza kufa. Hii ni kwa mbwa yeyote, hata mzima. Watoto wanapenda kugawana pipi na mbwa, waambieni.

Sasa nije kwenye komenti iliyoniuma. Nilipogusia habari za Popi wiki iliyopita, dada mmoja akaandika: "Nesi, watoto wanakosa insulini wewe unahangaika na mbwa?" Watu wengi waliipenda. Sijaifuta na sitaifuta, kwa sababu ni swali la haki. Nimeona kwa macho yangu familia ikigawa chupa moja ya insulini ili ifike mwisho wa mwezi. Anayeuliza hivyo amewahi kuona kitu.

Jibu langu lina pande mbili. Kwanza: insulini ya kliniki ya watoto ni ya watoto. Hata tone moja haliondoki pale kwenda kwa mbwa, hata mbwa wa Rais. Muuguzi au mtu yeyote atakayekuambia "nitakuchomolea chupa moja kwa ajili ya mbwa wako" anaiba kwa mtoto, mripoti. Shangazi ananunua yake, kwa mbuzi wake.

Pili: tusisahau hii dawa ilitoka wapi. Mwaka 1889, kule Strasbourg, madaktari wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho wakitaka kujua kazi yake. Mbwa akaanza kukojoa kupita kiasi, mkojo ukapimwa, ukakutwa na sukari. Ndipo dunia ikajua kisukari kinahusiana na kongosho. Zaidi ya miaka 30 baadaye, kiangazi cha 1921 huko Toronto, Canada, Frederick Banting na kijana Charles Best walikuwa wanatoa maji ya kongosho la mbwa mmoja na kumchoma mwingine aliyetolewa kongosho. Mbwa mmoja waliyempa jina Marjorie aliishi kama siku 70 kwa sindano hizo, wakati bila sindano angekufa mapema. Januari 1922 sindano ikaingia kwa binadamu wa kwanza, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Ya kwanza haikufanya vizuri, dawa ilikuwa chafu. Mwenzao Collip akaisafisha, ya pili ikafanya kazi, na yule kijana akaishi miaka mingine 13. Haki ya ugunduzi wakaiuzia chuo kikuu chao kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya mtu. Kila mtoto ninayemchoma wodini anaishi kwa sababu ya wale mbwa, na hakuna mbwa aliyeulizwa kama anakubali.

Sisemi kwa hiyo kila nyumba imtibu mbwa wake kisukari. Hapana. Nyumba yenye watoto watatu na kipato cha mama ntilie haiwezi, na sitaki mama yeyote ajisikie vibaya. Ukweli ni kwamba ni gharama ya kila siku, ni kuamka saa kumi na mbili na kurudi saa kumi na mbili, maisha yake yote. Kama huwezi, mwite daktari wa wanyama amlaze usingizi bila maumivu. Hiyo ni huruma. Ninachokataa ni kile ninachokiona: mbwa mgonjwa anafungwa kamba nyuma ya banda "afe polepole huko", siku sita, saba, analia kiu, na watoto wanapita wanaangalia. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na inakataza kumtesa mnyama kwa namna hiyo. Lakini hata bila sheria, mtoto aliyefundishwa kupita pembeni ya kiumbe kinacholia kiu, utamfundisha lini kugeuka?

Kwa mnaotibu, au mlio na mgonjwa yeyote wa sindano ndani ya nyumba, mambo matatu ya haraka ambayo nayaona yakikosewa.

Mabomba. Insulini ya binadamu huwa ina yuniti 100 kwa kila mililita. Baadhi ya insulini za mbwa zina yuniti 40 kwa mililita, na bomba lake ni tofauti, kwa kawaida mfuniko mwekundu, wakati la yuniti 100 huwa na mfuniko wa rangi ya machungwa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, kila alama unayoihesabu kama yuniti moja ni mbili na nusu. Nilimkuta Shangazi ameuziwa bomba lisilo lake kwenye duka moja, muuzaji kamwambia "sindano ni sindano tu". Si kweli. Soma chupa, soma bomba, namba zifanane. Zisipofanana rudisha.

Sindano zilizotumika. Usitupe kwenye shimo la taka ambapo watoto wanachezea. Chukua chupa ngumu ya plastiki, ile ya sabuni ya maji, tumbukiza humo, funga, ikijaa peleka zahanati.

Na meno. Mbwa ambaye sukari imeshuka hajui anayemuuma. Mtoto asiguse, awe mbwa mpole namna gani. Akiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hatusubiri tuone.

Wapo watakaouliza friji. Juu kule kwa Shangazi baridi yenyewe inasaidia, lakini huku chini Mwanga jua halina mchezo, na umeme mnaujua. Asiye na friji atumie mtungi wa udongo wenye maji chini na chupa ya insulini ndani ya kopo kavu, kivulini, penye upepo. Isigandishwe. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka vizuri.

Popi yupo. Amepungukiwa magego mawili, jicho moja halioni vizuri, na kuku amewarudia. Shangazi amebandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa mwandiko wake wa ubaoni: KALA? KIASI GANI? SAA NGAPI? Chini yake kila siku ana mistari miwili, asubuhi na jioni. Juzi nilipopanda Usangi nimeipiga picha, nikaja kuwaonyesha akina mama kliniki. Wawili wameshaanza za kwao, kwa ajili ya watoto.

Jumapili ijayo naendelea na mtoto: siku za homa, nini cha kumnywesha, na namba zipi zikutoe nyumbani usiku. Mwenye mtoto anayechomwa ule mchanganyiko wa asubuhi na jioni, niandikie inbox jina la insulini kama lilivyo kwenye chupa, na saa unazochoma. Nitaanza na nyie. Dozi sitawapangia inbox, msinilaumu, hiyo ni ya kliniki yenu.